Sahani ya Picha

Alasiri ninayoikumbuka mimi ilikuwa ya mwezi wa Ramadhani, na mwanga ulikuwa umeshaondoka mlangoni kwetu. Nataka nikusimulie wewe, mwanangu Latifa, kwa sababu juzi ulinitumia picha ya pilau lako unalotaka kuuza huko Naliendele ukaniuliza, "Baba mkubwa, mbona linaonekana kama limepigwa picha shimoni?" Nikakujibu kwa kifupi: zima flashi, sogea mlangoni. Jibu ni sahihi. Lakini tangu juzi linanikera, maana ni nusu ya jibu, na ile nusu niliyobaki nayo ndiyo iliyotuharibia sisi nyumba.

Mimi nimeishia darasa la saba, unajua. Usitegemee maneno ya kupendeza. Nitaandika kama yalivyokuwa, na pale nisipokuwa na hakika nitakwambia sina hakika. Nimefungua na daftari langu la mwaka ule ili nisijipendelee, ingawa utaona kwamba hata daftari halikunisaidia sana.

Nilikuwa na studio ya picha za pasipoti pale Chikongola. Simu zilipoingia mikononi mwa kila mtu, studio ikafa, na sina wa kumlaumu. Nikiwa na miaka arobaini na tisa na wajukuu wawili, nikaanza kazi upya kama mtoto: mama yako mkubwa Somoe anapika, mimi napiga picha, tunaweka kwenye simu, kina mama wa Shangani wanaagiza. Wenzangu husimulia makosa ya ujana wao. Mimi ya ujanani nimeyasahau mengi. Ujana wangu ninaoukumbuka vizuri ni huo wa kazi, niliouanza na mvi kichwani.

Picha ya kwanza nilimpiga changu wa kukaanga. Nikafanya kama nilivyozoea kwa watu: nikamweka katikati, flashi usoni, pwaa! Somoe akaitazama, akashika kiuno.

"Baba Zuhura, huyu samaki anakwenda kuomba kitambulisho?"

"Kwani ana nini?"

"Si umtazame mwenyewe! Katumbua macho kama kaulizwa jina la babu yake."

Akacheka mpaka akakaa chini. Na kweli, samaki alikuwa mweupe upande mmoja kama mtu aliyepakwa unga, nyuma yake giza, na pembeni ndoo yetu ya maji na kandambili moja. Nani aagize hicho?

Aliyenifungua macho ni Mama Yusufu. Wewe hukumwahi. Alikuwa mjane wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa na masufuria Mikindani, kazaliwa humo humo, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu mimi niliyeanza na Kimakonde. Pazia la bluu la studio yangu nililinunua kwake, na lilipochakaa nikanunua jingine kwake. Siku hiyo nilikwenda kutafuta kitambaa cha maua cha kutandika chini ya sahani. Akaniuliza cha nini. Nikamwonyesha picha zangu kwenye simu. Akavaa miwani.

"Hamisi, unauza samaki ama unauza kitambaa cha meza?"

"Samaki, mama."

"Basi maua ya nini? Mteja atatazama maua. Njoo hapa."

Akachukua doti la kitenge, akatoka nalo hadi mlangoni. Hakunipeleka juani, alisimama pale kizingitini, ndani kidogo, ambapo mwanga unaingia kwa ubavu. Akasema kwamba marehemu mumewe hakuuza kitambaa chini ya taa maisha yake yote. Kila mteja alipelekwa mlangoni. Chini ya taa rangi zote zinafanana, na uzi uliokatika hauonekani. Mlangoni, mwanga ukipita kwa ubavu, unaona kila uzi ulivyolala, unaona na pale mdudu alipotoboa. "Samaki naye ana uzi wake," akasema. "Mlaze pale, mwanga uje kwa ubavu, uone ngozi yake."

Halafu akanikatia kipande cha bafta nyeupe kutoka kwenye jora. Akanionyesha: mwanga ukitoka kushoto, kitambaa cheupe unakisimamisha kulia, kinaurudisha mwanga kidogo, na upande wenye giza unapata uhai. Bafta ile ile ya kushonea kanzu za ndani, na ya sanda pia. Wakati ule sikuwaza hilo. Niliona kitambaa tu.

Nilijifunza mengine polepole, kwa kukosea. Kwamba wali na chapati, vitu vilivyolala, upige kutoka juu; lakini glasi ya uji au mlima wa maandazi ushuke chini, macho yako yalingane nao. Kwamba usijaze sahani hadi ukingoni wala meza hadi pembeni, uache mahali patupu jicho lipumzike. Kwamba kitu kimoja kiwe mwenye shughuli na vingine viwe waalikwa. Kwamba ufute kioo cha kamera, maana simu ya mpishi ina mafuta kila siku. Hayo ukiyashika, mwanangu, picha zako zitabadilika ndani ya wiki. Sikutanii. Zetu zilibadilika, na oda zikaja. Ndipo nikaingia kiburi.

Ikafika Ramadhani. Mlango wetu wa uani unatazama mashariki. Saa nne asubuhi jua linakuwa limepanda, haliingii ndani, lakini ua wote unang'aa na mwanga unaingia laini kama maziwa. Ikifika saa tisa kivuli cha nyumba kimeshameza ua. Sasa futari hupikwa alasiri, na alasiri sisi hatuna mwanga. Nikamwomba Somoe awe anapika sahani moja asubuhi, ya picha, tuiweke kwenye simu kabla ya adhuhuri, watu waone waagize, halafu yeye apike za kuuza baada ya sala. Akakubali kwa sharti moja. Alilisema akiwa ameniinulia mwiko.

"Sahani ya picha haiuzwi. Wanakula wajukuu, wasiofunga, saa ile ile. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Sema tena."

"Sahani ya picha haiuzwi."

Siku yenyewe alikuwa changu wa kupaka. Kachomwa kwenye mkaa, kapakwa tui zito lenye manjano na pilipili, pembeni mihogo. Nilimpiga picha nyingi sana. Nikihamisha limau, halipendezi. Nikigeuza sahani, nzi anatua. Nikingoja wingu lipite. Kutoka saa nne hadi karibu saa sita samaki yule alikuwa wazi pale mlangoni, kwenye joto letu la Mtwara, na tui unalijua lilivyo. Picha moja ikatoka. Mpaka leo sijapiga nyingine kama ile, nasema hivyo bila kujisifu, nasema kwa sababu ndiyo kweli. Tui lilikuwa linang'aa pale tu panapotakiwa, na alama za wavu wa kuchomea zimepita ubavuni kama mistari ya daftari. Wajukuu siku hiyo walikuwa kwa bibi yao mwingine. Nikamfunika samaki kwa kawa, nikamsahau.

Somoe akapika za kuuza, zikaisha zote, akapanda bajaji kupeleka mwenyewe Shangani. Saa kumi na nusu simu ikalia. Mama Yusufu.

"Hamisi, yule samaki wa kwenye picha bado yupo? Leo nina hamu naye, wallahi."

Nilikuwa na majibu mawili. Nikasema, "Yupo, mama."

Nikafunua kawa. Alikuwa vile vile, kila kitu mahali pake, limau, majani ya giligilani, kila kitu. Nikanusa; nikasikia limau na mkaa. Kuonja sikuonja, nilikuwa nimefunga. Nilijua kwamba mpishi mwenye haja anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi akatema. Nikajiambia mimi si mpishi. Na kumpasha moto sikumpasha. Hapa, Latifa, ndipo ninapotaka unisome taratibu. Sikumpasha kwa sababu tui lingekatika na samaki angevunjika, asingefanana tena na picha. Nilichukua brashi, nikampaka mafuta kidogo arudi kung'aa, nikampakia, nikampa dereva wa bodaboda nikimsisitiza amshike sawa asije akalala upande. Nilitaka mama yule afungue kifuniko akute kile kile alichokiona kwenye simu. Nia yangu yote ilikuwa hiyo. Naiandika siyo kujitetea, ila ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya magharibi akanitumia ujumbe wa sauti: "Hamisi, kama picha! Mungu akuzidishie." Nikamsikilizisha Somoe, nikiwa natabasamu.

Akasimamisha kikombe. "Samaki gani? Wangu si walikwisha?"

Nikasema, "Alibaki mmoja."

Daftari langu la siku ile lina mistari miwili tu. "Picha nzuri kuliko zote. Mama Yusufu kaagiza." Sikuandika zaidi ya hapo.

Asubuhi Yusufu, mwanawe, akapiga simu. Mama ametapika na kuharisha tangu usiku, amelazwa hospitali ya mjini. Hakupiga kelele, hilo nimpe haki yake. Aliuliza tu, "Kaka Hamisi, dada Somoe aliweka nini kwenye samaki?" Nikasema sijui. Hadi adhuhuri habari ilikuwa imefika Shangani. Sikujua ilipita wapi. Mji wetu mdogo. Oda zikafutwa moja baada ya nyingine. Jirani mmoja aliyekuwa akiagiza kila siku akaja kurudisha vyombo vyetu, kavisugua hadi vinameta.

"Mimi sisemi kitu, shoga yangu," akamwambia Somoe, "lakini nina watoto."

Somoe akavipokea. Akaviosha tena, vilivyokwisha oshwa. Kisha akakaa kwenye mbuzi ya nazi bila nazi mkononi.

"Labda ile nazi ya pili," akaniambia. "Ilikuwa na maji yenye harufu. Labda niliikuna bila kuangalia."

"Labda," nikasema.

Mwanangu, mimi nimezika wazazi wangu wote wawili, nimeuza vyombo vya studio kimoja kimoja. Sijawahi kusikia neno likinitoka mdomoni nikajichukia kama hilo "labda." Mwanamke aliyeosha mikono yake mpaka ngozi ikasinyaa, anatafuta kosa ndani ya nazi yake, na kosa limekaa mbele yake linamjibu. Na sikusema. Mchana nilijiambia nitasema baada ya futari. Baada ya futari nikajiambia nisimwongezee mzigo. Hivyo hivyo siku tatu. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika siku mbili, ila Somoe amezisoma kurasa hizi na amesema, "Zilikuwa tatu, nilizihesabu mimi." Namwamini yeye kuliko daftari.

Siku hiyo ya tatu alinitaka twende hospitali. Alikuwa amepika uji mwembamba, nami nikajua alivyojikaza kupika kitu na kumpelekea mtu anayedaiwa kulishwa sumu na mkono huo huo. Mama Yusufu alikuwa amelala ubavu, mrija wa maji mkononi, mdogo kuliko nilivyomzoea. Alipotuona akajaribu kuketi. Somoe akapiga magoti pembeni ya kitanda, akaanza, "Mama, nakuomba radhi, labda nazi yangu…"

"Siyo nazi," nikasema.

Wote wawili wakanitazama. Nikawaeleza. Saa nne, mlango, kawa, mafuta, kila kitu. Nilieleza nikitazama sakafu. Nilipomaliza, Somoe aliweka chupa ya uji mezani kwa utaratibu sana, akasimama, akatoka. Nilimsikia amesimama kwenye ujia, hakwenda mbali.

Mama Yusufu alirudisha kichwa kwenye mto. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Nilisikia uchachu, Hamisi. Tonge la kwanza. Nikasema hapana, hilo ni limau, mbona nimeliona kwenye picha. Nikasema mdomo wa mfungaji huu. Nikamla, nisikuvunje moyo."

Akageuza uso kunitazama.

"Nilikupeleka mlangoni, wakumbuka? Kitambaa tunakipeleka mlangoni mteja apaone palipotoboka. Wewe umejifunza mlango vizuri sana." Akapumua. "Umeutumia kumfichia mtu."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekusamehe. Nenda kamtafute mkeo hapo nje."

Nilimkuta ameegemea ukuta. Nikasema, "Somoe." Akasema, "Uliniacha niichunguze nazi." Hakusema kingine hadi nyumbani, wala kesho yake. Jioni ile niliandika kwenye simu, mahali pale pale nilipokuwa naweka picha: samaki aliyemdhuru Mama Yusufu alikuwa wa sahani ya picha, nilimtuma mimi bila mke wangu kujua, mke wangu hana kosa. Sikuweka picha. Wateja wachache walirudi. Wengi hawakurudi, na siwalaumu. Mtu akishaogopa chakula hakuna maneno yatakayokipitisha kooni. Somoe aliacha futari mwaka ule. Sasa anauza mihogo ya kuchemsha asubuhi, na hamuuzii mteja mpaka mteja mwenyewe amege kwanza kipande, aonje mbele yake. Hataki picha.

Mama Yusufu alitoka hospitali. Alisali Idd nyumbani, amekaa kwenye kiti. Wiki ya pili baada ya Idd akafariki.

Hapa naomba uwe mwadilifu kama ninavyojaribu kuwa. Alikuwa na sukari ya miaka mingi, na daktari alikuwa amemkataza kufunga, naye akafunga. Mjukuu wake alikula mkia wa samaki yule yule, asipate chochote. Yusufu aliniambia mazikoni, mkono wake begani mwangu, "Siku ya mama ilifika, kaka." Huenda ni hivyo. Huenda aliniambia kwa huruma. Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande na haitoki. Siwezi kuandika kwamba nilimuua, na siwezi kuandika kwamba sikuhusika. Nimebaki nayo hivyo, na nadhani nitazikwa nayo.

Yusufu aliikata sanda ya mama yake dukani kwao. Nilikuwepo. Jora lilikuwa lile lile, nikaona hata mahali mkasi ulipopinda kidogo siku ile mama yake aliponikatia mimi kipande changu.

Basi hii ndiyo ile nusu nyingine ya jibu. Mwanga wa mlangoni ni mzuri, utumie, lakini uutumie kwanza kukikagua chakula chako wewe mwenyewe, kabla ya kumwonyesha mtu. Ukiona kasoro, pika upya, usizungushe sahani. Panga kila kitu na sahani tupu: weka limau, weka kitambaa, tafuta pembe yako, piga na kupiga hadi uridhike, chakula kikiwa bado jikoni. Kikiiva kilete, piga picha tatu, nne, basi, watu wale kingali na moto. Chakula cha nazi kisikae wazi kungoja wingu. Usipake kitu ambacho usingekila. Usimtumie mteja sahani ya picha hata akibembeleza, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote, na hasa ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Mwambie imekwisha. Ni neno moja tu, nami lilinishinda.

Na ukikosea, Latifa, maana utakosea, sema siku ile ile. Usimwache mtu mwingine atafute kosa lako mikononi mwake. Picha mbaya unaifuta ukapiga nyingine. Zile siku tatu za Somoe mpaka leo sijajua zinafutwaje.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kile kipande cha bafta. Nimekifua na kukipiga pasi. Kisimamishe upande wa giza, kama Mama Yusufu alivyonionyesha. Mungu akupe jicho la kuiona kasoro kabla ya mteja wako, akupe na mdomo mwepesi wa kuitaja. Mikono yako ilishe watu, na kila aliyekula kwako aamke salama. Na ukipiga picha nzuri, nitumie. Somoe haangalii, lakini hukaa karibu.